Eti Papa aliporwa nchi

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu mwenye heshima zake na rozari haimtoki mkononi, juzi baada ya sala alitutangazia kwamba laana inayoitafuna Ulaya ilianza siku Papa alipoporwa nchi yake. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Umri wake ulinifunga mdomo pale. Hapa haunifungi.

Nchi gani hiyo? Dola la Papa, eneo la katikati ya Italia ambalo Mapapa walilitawala kama wafalme hadi 1870. Ile iliyokuwa na kodi, magereza, jeshi la kukodi na mnyongaji. Ndiyo, mnyongaji: Giovanni Battista Bugatti, aliyeshika kazi 1796 akaiacha 1864, na daftari lake lina majina zaidi ya 500. (Wafaransa walipoitawala Roma aliwaulia na wao. Kazi ni kazi.)

Lakini kinachonichoma mimi ni Bologna, mji uliokuwa chini ya Papa, Juni 1858. Msichana wa kazi, Mkatoliki, alikuwa amembatiza kwa siri mtoto mchanga wa tajiri wake Myahudi, akidhani anakufa. Mtoto akapona. Miaka ikapita, habari zikamfikia mkuu wa Inkwizisio, mahakama ya Kanisa ya makosa ya imani, na sheria ya nchi ya Papa ilikuwa wazi: aliyebatizwa halelewi na wasio Wakristo. Polisi wakabisha hodi, wakamchukua Edgardo Mortara, umri miaka sita, akapelekwa Roma. Wazazi wakalia, wakaandika, wakasafiri. Hata Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, ambaye askari wake ndio waliomweka Papa Pio IX kwenye kiti, akasihi. Pio IX akakataa katakata.

Najua jibu lenu: Edgardo alikua, akawa padre, akafa 1940 akiwa mtawa mwenye furaha. Haya. Mama yake je? Padre yeyote duniani anaweza kuwa na msimamo mkali juu ya ubatizo. Huo ni mjadala wa seminari. Mpe polisi, na mjadala unaishia kwa mtoto kung'olewa kifuani kwa baba yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba mambo hayakuanza kwa uroho. Karne ya 8 Walombardi, watu waliokuwa wakiteka Italia, walikuwa mlangoni, Kaisari yuko Konstantinopoli na hana habari; Papa Stefano II akavuka milima ya Alpi kumwomba Pipino, mfalme wa Wafranki, msaada. Nani mwingine angeilinda Roma? Ila hitaji la mwaka 754 halihalalishi polisi wa 1858.

Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la Italia likatoboa ukuta wa Roma karibu na lango la Porta Pia, yakaisha. Pio IX akajiita mfungwa wa Vatikani, akakataa hata posho ya Waitalia. Na huyo "mfungwa" akapoteza nini? Mwaka 1885 Ujerumani na Hispania ziligombania visiwa vya Karolini katika bahari ya Pasifiki, na Bismarck, chansela wa Ujerumani, yule yule aliyewatesa Wakatoliki kwao, akampendekeza Papa Leo XIII, mrithi wa Pio IX, awe mpatanishi. Papa hakuwa na mzinga hata mmoja wa kumtisha mtu.

Hekta 44 za Vatikani alizopewa Papa 1929 zinatosha, na Mussolini, mtawala wa Italia, alilipa fidia juu: lira milioni 750 taslimu na hati za bilioni moja. Mwizi gani huyo?

Kama mzee haniamini mimi, kijana asiye na adabu, basi amsikilize Kardinali Montini. Oktoba 1962, Roma penyewe, alisema kupotea kwa utawala ule kulikuwa katika Maongozi ya Mungu. Miezi minane baadaye makardinali walimchagua kuwa Papa Paulo VI.