Kinajua kinatazamwa

Wiki nzima feni ya kompyuta hapa steshenari, Nkuhungu, inavuma kama mashine ya kusaga uwele. Hakuna kazi iliyofunguliwa. Mteja anasubiri kuprinti barua ya maombi ya kazi, kurasa mbili tu, na mshale umeganda. Nikifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, prosesa (ubongo wa kompyuta) inasoma asilimia 98, halafu kufumba na kufumbua imeshuka hadi 4. Nikiifunga, feni inaanza upya. Yaani kitu kinajua kinatazamwa!

Jana usiku nimekinasa kwa Process Explorer, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, hiyo hakikuikimbia. Kimejiita svchost.exe, jina la programu halali ya Windows, ila ile halali hukaa ndani ya folda ya Windows; hiki kilijibanza AppData, folda iliyofichwa ya mtumiaji, kinachimba Monero, sarafu ya kidijitali inayochimbika, yaani inayopatikana kwa kuifanyisha kompyuta hesabu nzito, hata kwa prosesa ya kawaida. Nikakifuta. Nilipowasha tena kikarudi, maana kiliacha agizo kwenye Task Scheduler, ratiba ya Windows inayowasha programu zenyewe. Nikafuta na hilo.

Kinachoniuma ni umeme. Luku nanunua mimi, kwa hela ya kutoa kopi, halafu anavuna mtu nisiyemjua. Na kimeingia na Office ya wizi aliyoniwekea fundi, tena kwa malipo. Ndugu yangu fundi, kwa nini hukuniambia?