Akaunti ya Kuzima Taa

Aliyebuni ramu yenye taa, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hajawahi kulala nayo chumba kimoja. Hii yangu inapita rangi zote, nazo ni 16,777,216. Usiku wa kwanza nadhani nilizimaliza. Feni zina taa. Kipanya kina taa. Kibodi ndiyo usiseme. Na kila kifaa kina kiwanda chake, kila kiwanda na programu yake.

Ya kibodi ilidai nifungue akaunti. Akaunti ya kuzima taa! Nikajaza barua pepe, nikaweka nenosiri, likakataliwa kwa kukosa herufi kubwa. Ya feni ilitaka isasishwe kwanza. Ikasasishwa, ikataka kompyuta iwashwe upya, ikawaka, ikaomba kusasishwa. Ya ramu ilikuwa na adabu, ila ilikula prosesa mpaka feni zikaunguruma, na zikiunguruma tu, programu yao inageuza taa kuwa nyekundu kutangaza joto.

Kumbe hiyo ya feni nayo ilijipa mamlaka juu ya ramu. Moja inaamuru "zima", nyingine "waka kijani", zote kwa njia ileile. Mkutano wa kazini ukaanza zikiwa katikati ya ugomvi, kamera wazi. Uso wangu kijani, giza, kijani, giza. Bosi akanitazama weee.

"Ndugu yangu, uko salama? Au tusubiri muziki uishe?"

Wenzangu wakazima vipaza sauti kwa mpigo mmoja. Sikuhitaji kuuliza sababu.

Jioni nikaweka OpenRGB: programu huria ya kuongoza taa za viwanda mbalimbali, ya bure, haina haja na barua pepe ya mtu. Inashauri programu za viwandani zifungwe kwanza, zisigombanie vifaa. Mimi sikuzifunga, nilizifuta, tena kwa furaha isiyo ya kiungwana. Moja ikaniuliza kwa nini naiacha. Kile kisanduku cha maoni nilikijaza mpaka kikagoma kupokea.

OpenRGB ikatambua vyote isipokuwa kipanya. Hicho nikakichomoa, hatukujadiliana. Vilivyobaki nikaviandikia 000000, yaani nyeusi tii. Giza totoro! Nikashangilia peke yangu.

"Baba watoto, umemaliza?" mke wangu akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Haya, niwashie kibodi. Nina ripoti ya kutuma na herufi sizioni."