Boriti au mikono mingi: gari dogo na saspensheni yake ya nyuma

Mwaka 2019 Mazda ilipotoa kizazi cha nne cha Mazda 3, gari ambalo huku kwetu tumelizoea kwa jina la Axela, wapenzi wa magari walioinama kutazama uvunguni walikuta mabadiliko ambayo hawakuyatarajia. Vizazi vilivyotangulia, tangu 2003, vilikuwa na saspensheni ya nyuma ya mikono mingi, yaani vyuma kadhaa vinavyoliunganisha kila tairi na bodi, ambayo huliacha kila tairi lipande na kushuka bila kulisumbua la upande wa pili. Kizazi kipya kilikuja na boriti moja inayojisokota, mfumo uleule unaokaa chini ya Demio, Vitz na Fit. Kampuni iliyojijengea jina kwa raha ya uendeshaji ilishutumiwa kwamba imebana matumizi kwa hasara ya mnunuzi. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, ila imelenga pasipo. Boriti ni mfumo wa haki kabisa kwa gari dogo. Kinachostahili kukosolewa ni namna jukwaa moja, yaani sakafu na mifumo ya chini inayotumiwa na magari kadhaa, linavyobebeshwa bodi ambazo halikupimiwa.

Boriti hii ni chuma kinachovuka gari kwa upana, kimekunjwa kwa umbo la herufi U au V, na kila ncha yake imeungwa na mkono unaoshikiliwa na bodi kwa bushi kubwa ya mpira. Tairi la kushoto likipanda tuta huku la kulia limebaki chini, chuma hicho hujisokota, na ule ugumu wake wa kukataa kusokotwa hufanya kazi ya stabilaiza, chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, bila kuongeza kifaa kingine kizito. Volkswagen na Audi waliifungulia njia mwaka 1974 kwa Golf, Scirocco na Audi 50, na wengine wakafuata kwa sababu zinazoeleweka: ni nafuu kuitengeneza, ni rahisi kuifunga kiwandani, na haina mikono inayopanda juu na kula nafasi ya buti. Honda walionyesha faida hiyo ya mwisho kuliko wote. Katika Fit ya 2001 walihamishia tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, wakaweka boriti nyuma, na matokeo yake kiti cha nyuma kinakunjwa hadi kulala na sakafu, au kalio lake linainuliwa wima ili mzigo mrefu usimame nyuma ya dereva. Nafasi ya namna hiyo ndani ya gari fupi vile isingepatikana kwa urahisi kama mikono minne ingekuwa inatafuta pa kukaa kila upande.

Gharama yake iko kwenye zile bushi mbili. Mhandisi akizifanya laini, mtikisiko wa changarawe hauwafikii abiria, lakini gari linapokata kona kwa kasi boriti nzima huvutwa upande, na matairi ya nyuma hugeuka kidogo kuelekea uelekeo ambao dereva hakuukusudia. Akizifanya ngumu, gari linatii usukani, ila kila kokoto litasikika kitini. Wengi huzifunga bushi hizo kwa pembe ili mvuto wa kona uzuie kosa lake wenyewe. Opel, katika Astra ya 2009, waliongeza kiungo cha Watt, yaani fito zilizounganishwa kuzuia boriti isihame pembeni, nyuma ya boriti ili kipokee nguvu za pembeni na bushi ziweze kubaki laini. Hizo zote ni njia za kupunguza mgongano kati ya ulaini na utii, wala hakuna hata moja inayouondoa.

Mikono mingi huukabili mgongano huo kwa kugawa kazi: mkono mmoja hupokea nguvu za breki na za mashimo, mingine huzuia tairi lisiyumbe pembeni, na kila mmoja hupewa bushi ya ugumu unaoufaa. Ford waliuleta mfumo huu kwenye gari la familia la bei ya kawaida kupitia Focus ya 1998, chini ya uongozi wa kiufundi wa Richard Parry-Jones, na siri ya kushusha gharama ilikuwa mkono mrefu uliotengenezwa kwa bamba la chuma la kupigwa presi. Golf ilipofuata mwaka 2003 ilionekana boriti imefikia mwisho wake katika daraja hilo. Haikufikia. Golf ya 2012 ilirudisha boriti kwenye matoleo yenye injini ndogo na kuiacha mikono mingi kwa yenye nguvu zaidi, na Focus ya 2018 ikafanya karibu vilevile. Mnunuzi wa gari lenye jina moja na jukwaa moja anaweza kupata nyuma mbili tofauti kabisa, na asipouliza hataambiwa.

Hoja ya Mazda ilikuwa kwamba kila bushi ni mahali ambapo nguvu huchelewa kidogo kabla ya kufika kwenye bodi, hivyo mfumo wenye viungo vichache humpa dereva jibu linalotabirika, hasa boriti yenyewe ikiwa imeundwa nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Ninaikubali hoja hiyo kwa barabara nzuri ya lami. Kwenye barabara ambayo mashimo yake hayalingani kushoto na kulia, matairi yaliyofungwa pamoja yatashirikiana mshtuko, na abiria wa nyuma ndio watakaoulipia.

Hata hivyo, kwa mtu anayenunua gari lililotumika Japani na kulifanyia matengenezo kwenye gereji ya mtaani, hesabu inabadilika. Axela ya 2003 ina mikono minne kila upande wa nyuma, na kila mkono una bushi zake. Zikichoka, matairi huanza kulika upande wa ndani, fundi hubadilisha ile aliyoiona imepasuka na kuziacha nyingine, kisha gari linapopelekwa kufanyiwa alaimenti inagundulika kwamba boliti ya kurekebishia imeshika kutu na haizunguki. Boriti ya Demio ina bushi mbili kwa jumla. Upande wake mbaya ni kwamba ikipinda kwa kugonga shimo kubwa haina pa kurekebishia, na dawa ya kweli ni kutafuta nyingine. Bado naamini kwamba kwa mwenye kipato cha wastani Nairobi au Mwanza, boriti ndiyo chaguo la busara zaidi.

Majukwaa ya pamoja nayo yana pande mbili. Chini ya jukwaa la Vitz ya 1999 zilitoka Platz, FunCargo, bB na ist, na Probox ya 2002 ni wa ukoo huohuo; fundi aliyelijua moja hapotei kwenye jingine, na spea hazikosekani. Mfano ninaouheshimu zaidi ni Logan ya 2004 ya Dacia na Renault, ambayo jukwaa lake lilitokana na lile la Nissan Micra na Renault Clio, likabadilishwa makusudi kwa ajili ya barabara mbovu: bodi iliinuliwa, matairi yakapewa mashavu marefu, na fedha zikaokolewa kwingine, mpaka vioo vya pembeni vikawa na umbo moja kushoto na kulia. Huko gharama ilipunguzwa mahali ambapo mgongo wa abiria hauumii.

Kinyume chake ni mtindo wa kuchukua jukwaa la gari dogo na kulijengea bodi ndefu kwenda juu, kama Vezel ya 2013 iliyotokana na Fit au CX-3 iliyotokana na Demio. Bodi ikiwa ndefu na nzito hulala zaidi kwenye kona. Ili isilale, springi na boriti huongezwa ugumu. Kisha kwa ajili ya sura huwekwa rimu kubwa zenye matairi ya mashavu mafupi. Mnunuzi hupewa umbo la gari la porini, lakini mwendo wake kwenye barabara ya vumbi mara nyingi huwa mgumu kuliko wa kile kigari kilicholizaa.

Wenye magari yaliyo karibu na ardhi nao hujitafutia dawa kwa kufunga spesa, vipande vya kuinulia bodi. Spesa ikiwekwa chini ya springi ya nyuma, bodi huinuka kweli, lakini shokapu haikuongezwa urefu, hivyo gari likiwa limesimama tu shokapu imekwisha kunyooka kiasi. Tairi likitumbukia shimoni, shokapu hufika mwisho wa safari yake na kugonga. Mbele, viungo vya draivu shafti hufanya kazi kwa pembe kali na mipira yake huchanika mapema. Tairi lenye shavu refu kidogo, likiwa ndani ya kipimo kinachoingia bila kugusa matao, hupunguza tatizo hilo bila kugusa jiometri ya saspensheni. Wauzaji nao wangetusaidia kama wangeandika kwenye maelezo ya kila gari, kando ya ukubwa wa injini, aina ya saspensheni ya nyuma na kimo cha gari kutoka ardhini.