Pete, fimbo na ardhi: nani alishinda Worms mwaka 1122?

Ugomvi wa Papa Gregory VII na Henry IV, mfalme wa Ujerumani, kuhusu nani ateue maaskofu, husimuliwa zaidi kwa kisa cha Canossa, ngome ya Italia ya kaskazini, Januari 1077, mfalme alipokaa siku tatu nje kwenye baridi kali akiomba kuondolewa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Kisa kinavutia, ila hakikuamua lolote. Mwaka 1080 Henry alitengwa tena. Mwaka 1084 akaiteka Roma, na Gregory akafia Salerno mwaka uliofuata. Swali lenyewe lilibaki pale pale: nani amkabidhi askofu mpya pete na fimbo?

Hoja ya mfalme ilikuwa nzito kuliko wengi wanavyokiri. Askofu wa Ujerumani alikuwa pia mtawala: alikuwa na mashamba na ngome, alitoza ushuru wa masoko, mara nyingi alitengeneza sarafu. Mwaka 981 Otto II, mtawala wa Ujerumani wa wakati huo, alipoagiza wapanda farasi wa deraya wapatao 2,000 waongezwe vitani Italia, zaidi ya theluthi mbili walidaiwa kwa maaskofu na maabati, wakuu wa monasteri. Tena askofu hakuwa na mrithi halali, hivyo kila alipofariki mfalme aliteua upya. Kumnyima uteuzi huo kulikuwa kumpokonya jeshi.

Roma nayo haikukosea. Pete na fimbo ni alama za uchungaji. Mlei, yaani mtu asiye kasisi, akizitoa, pengine kwa malipo, askofu atathubutu vipi kumkemea? Udhaifu wa Gregory ni kwamba alitaka uteuzi uwe huru huku mali ikibaki mikononi mwa Kanisa.

Aliyeifuata hoja ya Roma hadi mwisho ni Papa Paschal II. Februari 1111 alikubali Kanisa lirudishe ngome, ushuru na haki ya sarafu, naye Henry V, mwana na mrithi wa Henry IV, aache kukabidhi pete na fimbo. Makubaliano yaliposomwa katika Basilika la Mtakatifu Petro, maaskofu wenyewe walipinga kwa kelele, pamoja na wakuu waliokalia ardhi hizo kwa idhini yao. Mfalme akamkamata Papa.

Mapatano ya Worms, mji wa Ujerumani, Septemba 23, 1122, yalikata shauri kwa utaratibu. Henry V aliacha pete na fimbo. Papa Calixtus II akamruhusu kutoa ardhi na madaraka ya kidunia kwa fimbo ya enzi. Utamu uko kwenye mpangilio. Ujerumani, uchaguzi ulifanyika mbele ya mfalme, na fimbo ya enzi ilitolewa kabla ya askofu kuwekwa wakfu: asiyetakiwa angeweza kucheleweshwa. Italia na Burgundy, sehemu nyingine za himaya yake, askofu aliwekwa wakfu kwanza, kisha akapewa madaraka ndani ya miezi sita, wakati mfalme hana tena cha kuzuia.

Kwa hiyo Papa alishinda Italia na mfalme akabaki na Ujerumani, ingawa kwa masharti legelege: hati ya Calixtus ilimtaja Henry mwenyewe, bila warithi wake. Alipofariki mwaka 1125, Roma ilipata mwanya wa kudai kwamba ruhusa imekwisha.