Tunachimba visima, hatuvipimi

Kisima kirefu kikizinduliwa kijijini, bomba hufunguliwa, akina mama hupiga vigelegele, na mgeni rasmi hupigwa picha akinawa mikono. Furaha hiyo naielewa kabisa. Ila miaka mitatu baadaye, nani hurudi kupima maji yameshuka kiasi gani?

Nawaandikia hasa ninyi mnaosomea haidrojiolojia, yaani elimu ya maji ya chini ya ardhi, pale Chuo cha Maji Dar es Salaam na kwingineko. Wengi mnautamani mtambo wa kuchimba, na kazi hiyo ina heshima na riziki yake. Mimi nawaomba mpende pia kupima.

Tazameni Makutupora, visima ambavyo Dodoma imevitegemea kwa miongo mingi. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950. Kazi yenyewe haina mbwembwe: unateremsha utepe wenye alama za sentimita, ncha ikigusa maji kifaa kinalia, unaandika tarehe na kina, unahamia kisima kingine. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Zilionyesha kwamba akiba ya chini ya ardhi hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama El Niño ya 1997/98. Miaka ya katikati, mji unakunywa akiba. Ukipima miaka miwili ukaacha, hutaliona hilo kamwe, na jiji linalokua kwa kasi ile haliwezi kupangwa bila kulijua.

Pwani ndiko ninakoogopa zaidi. Unguja, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya mawe ya matumbawe. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 nyingine za maji baridi chini ya usawa huo. Pampu ikiyashusha kwa nusu mita tu, chumvi inaweza kupanda mita 20. Mwenye kisima huja kuijua kwenye chai, na kuiondoa ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo kila mradi wa kisima utenge fedha za kisima cha uangalizi, kisichovutwa maji bali cha kupimia kina tu, na posho ya mpimaji anayeishi hapohapo. Na kumbukumbu zake ziwekwe ofisi ya bonde, ile inayosimamia maji ya eneo hilo, zisiondoke na mkandarasi.