Askari wa Samora na wapagazi wasio na majina

Kila inapozuka hoja ya kusafisha alama za ukoloni Dar es Salaam, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yule askari wa shaba kwenye kipilefti cha Samora, singe yake kaielekeza bandarini. Wanaotaka aondoke wana hoja, tena nzito. Waingereza walimsimamisha mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Kwa hiyo kushusha sanamu pale si uzushi wa leo.

Zaidi ya hapo, maandishi ya chini yake yanasema watu anaowakumbusha, Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Mfalme yupi? Mwaka 1914 nchi hii ilikuwa ya Wajerumani, na vijana wa hapa waliovaa sare wakati ule walivaa ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Askari tunayemtunza ni wa jeshi la Waingereza, lililouteka mji huu Septemba 1916. Ukilitafakari hilo, linauma.

Wanaotaka abaki, kwa upande wao, huambiwa wana kasumba, nami naona wanaonewa. Wengi wao kinachowashika pale si bunduki, ni maandishi. Yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara za magari hazikuwepo, hivyo chakula na risasi zilikwenda vichwani mwa watu, mamia ya maili. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Kuhara damu, malaria na njaa viliwamaliza kuliko risasi.

Majina yao yako wapi? Tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita iliamua kwamba Waafrika wa uwanja huu wa vita wasiandikwe mmoja mmoja. Ukumbusho wa jumla ungetosha. Ndiyo asili ya sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2021 uchunguzi wa tume hiyohiyo ulikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Mimi nakwama kwenye hesabu hiyo kila ninapoisoma. Kati ya tarakimu ya chini na ya juu kuna watu 234,000. Mfugaji akipotelewa na mbuzi hujua ni wangapi. Hapa kuna baba za watu, kila mmoja aliondoka kwenye kijiji kilichomjua kwa jina na ukoo, na karne nzima baadaye hatuwezi kusema kama walikuwa laki moja au laki tatu na nusu. Kisha maandishi ya pale Samora yanaahidi kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina ambalo aliyeahidi hakutaka kuliandika.

Kwa hiyo sanamu ile ndiyo kitu walichopewa badala ya jina kwenye jiwe. Wapo wanaosema ipelekwe Makumbusho ya Taifa, si mbali, huko ielezwe vizuri. Ni pendekezo la heshima. Ila makumbusho ina kiingilio, na muuza kahawa anayepita Samora kila asubuhi hataingia.

Hata hivyo, kubaki kama ilivyo nako hakutoshi. Nairobi mpagazi amechongwa, anasimama na askari. Dar es Salaam hakupewa mwili. Amebaki kwenye maandishi, na kwenye jina Kariakoo, ambalo ni Carrier Corps, kikosi chao cha uchukuzi, lililogeuka katika ndimi zetu. Konda wa daladala huliita mchana kutwa bila kujua anamwita nani. Kibao kingine, cha Kiswahili cha kawaida, kiwekwe kando ya yule askari: kiseme wapagazi walichukuliwaje, walikufaje, na kwamba majina yao yaliachwa kwa uamuzi, hayakupotea kwa bahati mbaya. Na kingine kama hicho kiwekwe Kariakoo, sokoni.