Haki ni kwa wote, namna ya kuongoza si moja

Kuna sifa ambayo mameneja wengi hujipa kwa fahari: "Mimi sina mambo mengi. Kwangu wote sawa, ninavyoongea na huyu ndivyo ninavyoongea na yule." Ukisikia utadhani ni haki. Mimi naona ni kukwepa kazi ngumu kuliko zote za uongozi, yaani kumjua mtu uliye naye na kujua leo anahitaji nini kutoka kwako.

Chukua saiti ya ujenzi, maana huko uongozi mbovu haufichiki. Siku ya kumwaga zege la slabu hakuna mjadala. Maji yakishagusa saruji muda unakimbia, na zege likianza kushika kabla halijasambazwa na kushindiliwa, huna la kufanya tena. Siku hiyo foremani anapaza sauti, anaamuru, na hata saidia fundi aliyeanza kazi jana anaelewa kwamba hagombezwi, anaharakishwa. Kesho yake foremani huyohuyo akienda na sauti ileile kwa fundi nondo mwenye miaka 20 kwenye kazi, anaharibu. Fundi yule akisema ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo za nguzo hii, zimeachana mno, fungueni mchoro mtazame pamoja. Ukimkaripia mbele ya vijana, hatabisha. Atafunga kama ulivyomwagiza, na siku nyingine akiona kosa atanyamaza. Mimi mbishi simwogopi. Naogopa fundi mzuri aliyeamua kunyamaza.

Kwetu jambo hili lina umri ndani yake. Injinia kijana, ametoka chuo juzi, anakabidhiwa mafundi wa rika la baba yake. Wapo wanaodhani wakitoa shikamoo asubuhi mamlaka yatapungua, basi wanapita kimya wameshika simu. Nimeona wanaofanya vingine. Kijana anamwamkia mzee, anamuuliza habari za nyumbani, kisha anashusha timazi, ile kamba yenye uzito ya kupima wima, ukutani na kumwambia bila kupepesa macho: "Mzee wangu, ukuta umelala. Naomba tubomoe kozi hizi tatu za juu za matofali." Na mzee anabomoa. Heshima haikumlegeza kijana hata kidogo, ilimfungulia mlango wa kusema ukweli.

Tunakosea pia tunapompa mtu jina moja la kudumu: huyu mzoefu, mwacheni. Mzoefu wa nini? Fundi mwashi bora kabisa ukimpandisha cheo kuwa foremani leo, kwenye kazi ya kupanga watu, kuagiza vifaa na kuandika ripoti ya siku ni mgeni. Anahitaji umkalie karibu, umwonyeshe, urudi jioni mpitie pamoja. Wengi wanatupwa huko peke yao kwa sababu "anajua kazi", wakishindwa tunasema cheo kimemshinda.

Wanaopenda amri kila siku hujibu kwamba ukali unaleta matokeo. Unaleta, ukiwa umesimama hapo. Mwaka 1939 wanasaikolojia Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya majaribio yao Iowa, Marekani, kwa vikundi vya watoto wa kiume wa miaka kama 10. Vikundi vilivyoendeshwa kwa amri vilifanya kazi kiongozi akiwapo, akitoka chumbani kazi inaporomoka. Vilivyoshirikishwa kwenye maamuzi viliendelea karibu vilevile. Hao walikuwa watoto kwenye michezo ya mikono, lakini msimamizi yeyote wa jengo la ghorofa nne anajua hawezi kuwa ghorofa zote kwa wakati mmoja.

Na Tanzania ina kumbukumbu yake. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, katika ibara ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Miaka michache iliyofuata wafanyakazi wa viwanda waliushika Mwongozo huo kama silaha, wakagoma, na kwingine wakawafungia nje mameneja wao. Mishahara ilikuwemo kwenye madai, ila namna walivyokuwa wakitendewa na wakubwa wao ilikuwa hoja nzito.

Kubadilika huku kuna mpaka, na hapa sitaki kueleweka vibaya. Kinachobadilika ni sauti, ukaribu na kiasi cha maelekezo. Malipo hayabadiliki kwa sababu unampenda fulani. Nidhamu nayo haibadiliki: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, awe mpole au mkorofi. Usalama ndiyo kabisa. Yule mzee unayemwamkia shikamoo kila asubuhi, asipovaa kofia ngumu hapandi jukwaa la kujengea. Unamwita pembeni, unamwambia kwa adabu, na anabaki chini mpaka avae.